Rangi Haishiki Kwenye Mafuta

Kinyozi hajinyoi, walisema wa zamani, na huyu ninayemsimulia hakujinyoa hata siku moja. Alinyolewa na Kipara, mwenzake wa kiti cha pili, mtu asiye na unywele kichwani lakini mwenye mkono mwepesi kuliko vinyozi wote wa mtaa ule. Wateja hawakuchoka kumwuliza Kipara inakuwaje ananyoa wenzake na kwake kumekauka. "Zangu niliwagawia ninyi," hujibu, "na kila mwezi mnakuja kuzikata bila hata ahsante." Ndivyo duka lilivyokuwa. Ukiingia hapo na roho nyepesi ya kununa, ni heri ukanyolewe kwingine.

Kinyozi mwenyewe sifa yake ilikuwa rangi. Wazee waliingia pale na mvi zao, wakatoka weusi tii, wakapita barabarani wakijitazama kwenye vioo vya magari. Wengine walijaribu kupaka nyumbani, rangi ikawaishia kwenye mto. Siri yake ilikuwa kuosha. Kabla ya kugusa rangi, alikiosha kichwa kwa sabuni ya mche, akasuuza, akaosha tena, kisha akaushika unywele mmoja kwa vidole viwili na kuuvuta polepole. Ukiteleza, anarudia. Ukilia kama sahani safi, ndipo anapofungua kopo. "Rangi haishiki kwenye mafuta," aliwaambia wenye haraka. "Unaona napoteza muda? Haya, nenda ukapakwe masizi." Ushike msemo huo, maana ndio nusura umzike.

Alianza na shinikizo la damu ambalo hakulijali, kama tusivyojali wanaume wengi mpaka tuanguke. Figo zikachoka zote mbili. Akawa mtu wa kulazwa kando ya mashine ya kusafisha damu, akirudi nyumbani rangi ya jivu. Dukani Kipara alikishika kiti chake, akimwambia kila mteja kwamba mwenyewe anarudi kesho. Kesho hiyo ilikuwa ndefu.

Aliyemwokoa ni shemeji yake, mdogo wa mke wake, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Kazi yake ilimpa jina: Cheche. Hakufanya kikao wala hotuba. Aliingia jikoni, akamkuta dada yake anakatakata vitunguu, akasema, "Mimi ninazo mbili, na hakuna hata moja niliyowahi kuiona ikifanya kazi. Acha moja ikajitafutie riziki kwa shemeji." Dada mtu akalia, akasingizia vitunguu. Vipimo vikapatana, na upasuaji ukaenda salama kwa wote wawili. Cheche alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba hatachomwa sindano tena maishani, hata na malaika.

Tangu hapo, jamani, ikawa utani mtindo mmoja. Shemeji na shemeji hata bila figo hawaachani; sembuse hawa? Cheche akifika mlangoni hamsalimii mtu kwanza. "Figo yangu haijambo?" Akimwona Kinyozi anasogeza chumvi, "Hiyo unamwekea nani? Yangu haili chumvi." Akimwona hajanywa maji, "Mwagilia, shemeji, mwagilia, hiyo ni mali ya watu." Kinyozi ndiye aliyecheka kuliko wote. Figo yenyewe ilikaa mbele, chini ya tumbo upande wa kulia, si mgongoni kama alivyodhani, na kwa hiyo alijifunza upya kusimama kando ya kiti, kiubavu, asije akagongwa na mkono wa kiti. Wateja walidhani ni madaha.

Daktari wake, mama mmoja mtulivu asiyepandisha sauti, alimweleza vidonge. Mwili una walinzi, alisema, na walinzi hawa hawajui wema wa Cheche. Wakiiona figo ya mtu mwingine wanaiona ni mwizi, na wataiua. Vidonge vinawalaza. Utavimeza asubuhi na jioni, maisha yako yote, hata ukijisikia mzima kama simba. Kinyozi akaviheshimu. Vilimletea kero moja tu: mkono ulitetemeka kidogo. Si sana, lakini kwa mtu anayechonga mstari wa ndevu, kidogo ni kingi. Akaanza kuegemeza kiwiko ubavuni, na wateja hawakujua.

Ndipo ukaja ule ugonjwa wa kifua uliokuwa ukipita nyumba hadi nyumba, na nyuma yake ikaja chanjo. Kipara alichanjwa, akalala na homa, akaamka akijivuna kwa mkono uliovimba. "Gusa hapa! Hiyo ndiyo chanjo inafanya kazi." Kinyozi naye akachanjwa. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya vile vile. Hata pale sindano ilipopita hapakuuma. Daktari akampima damu kuona kama kinga imetokea, akamwita ofisini.

"Haijatokea," alisema. "Mwili wako haujajibu."

"Nimekosea nini?"

"Hujakosea. Vile vidonge vinavyowalaza walinzi wasiiguse figo, ndivyo vinavyowafanya wasiisikie chanjo. Wengi waliopandikizwa wanakuwa hivyo. Tutarudia mara ya tatu, baadhi hujibu hapo. Mpaka wakati huo usirudi kwenye kiti. Kazi yako ni pua kwa pua na watu, na wewe huna ngao."

Basi akakaa nyumbani. Hebu mfikirie mtu aliyezoea kelele za mashine, redio na uongo wa wateja, sasa anasikia saa ya ukutani. Alinoa visu vyote vya jikoni mpaka mke wake akaogopa kukata nyanya. Akatoka na mkasi, akaukata ua wa michongoma mpaka ukawa na panki. Jirani akapita, akasema, "Ukimaliza hapo, uupake na rangi." Kinyozi alicheka, akaingia ndani, akakaa kwenye kochi.

Jumapili moja Cheche akaja. Alisimama mlangoni, maana hakuwa amechanjwa, kwa sababu ya ile nadhiri yake ya sindano, na dada yake alimkataza kuvuka kizingiti. Akamwangalia Kinyozi pale kwenye kochi, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hivi nilikupa figo yangu ije ikae kwenye kochi? Ya kukaa tu si ningebaki nayo mwenyewe?"

Mke akacheka. Cheche akajichekea. Kinyozi akacheka mpaka akajipiga paja. Lakini Cheche akaondoka na kicheko chake, na yeye akabaki na neno. Mimi simlaumu Cheche; utani ni utani, na angenyamaza siku ile angeonekana mgonjwa. Ila waliosema mzaha mzaha hutumbuka usaha hawakuwa wajinga. Kinyozi aliona aibu. Kweli, mtu kapasuliwa ubavu, kabeba kovu, na wewe unachofanya na kitu chake ni kuangalia saa?

Sasa angalia akili ya fundi inavyoweza kumponza fundi. Alikaa akiwaza: chanjo haishiki. Kwa nini haishiki? Kwa sababu ya vidonge. Vidonge viko mwilini kama mafuta yalivyo kwenye nywele. Na rangi haishiki kwenye mafuta! Akashtuka pale kwenye kochi kama aliyeokota kitu. Maisha yake yote alikuwa akiwaambia watu waoshe kwanza, na yeye mwenyewe kaenda kupakwa mara mbili bila kuosha. Alijiona mjinga kwa kutolijua mapema. Hakumwuliza daktari, maana alijua atakavyojibiwa. Hakumwambia mke wake, maana alijua atakavyotazamwa.

Chanjo ya tatu ilipokaribia, akaacha kumeza. Asubuhi alikitia kidonge mdomoni mbele ya mke wake, akanywa maji, akakitema kwenye kiganja akienda bafuni. Akavikusanya ndani ya kopo la meno ya zamani ya mashine za kunyolea, juu ya kabati. Baada ya siku kadhaa, mkono ukaacha kutetemeka. Lo! Alisimama mbele ya kioo, akanyoosha vidole, vikatulia kama vya kijana. Huo kwake ndio ulikuwa unywele unaolia. Safi sasa, fungua kopo.

Akachanjwa. Na safari hii, kumbe, mkono ukauma! Ukavimba, ukawa wa moto. Alirudi nyumbani akimwita mke wake toka mlangoni. "Njoo uguse hapa! Inashika, mama, inashika!" Mke akagusa, akafurahi naye, akampikia. Ilikuwa siku nzuri nyumbani, na hilo ndilo linaloniuma ninapoisimulia.

Alikuwa amepanga kurudi kwenye vidonge siku hiyo hiyo. Lakini fundi wa rangi anajua: ukishapaka, huoshi papo hapo, unaiacha ikauke. Akajipa siku nyingine. Akaongeza tena.

Kwanza kandambili zilianza kumbana. Kisha mkojo ukapungua. Kisha pale chini ya tumbo, upande wa kulia, pakawa pazito, panauma kwa mbali. Aliyajua yote hayo maana yake nini, na akanyamaza, akarudi kwenye vidonge kimyakimya, akamwomba Mungu. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwake iliyomwumbua kabla ya kifo ni miguu. Mke wake alimwona anavua kandambili, mkanda umemchora alama ndani ya nyama kama kamba. Alichukua simu, akampigia mdogo wake.

Cheche alikuja na pikapu yake, geti la mtu bado liko nyuma. Akafungua madirisha yote, akajifunga kitambaa usoni, akaendesha. Njia nzima alitania. "Figo yangu imechoka na kochi, inataka kutembezwa. Ningejua, ningeipeleka ufukweni." Kinyozi alikuwa akiangalia nje.

Hospitali walimtoa damu, wakamlaza. Daktari alikuja na majibu mkononi, Cheche akiwa amesimama dirishani.

"Vidonge unameza?"

"Nameza."

"Ulikuwa unameza siku zote?"

"Siku zote, daktari."

Daktari alivuta kiti, akakaa. Hakukasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Dawa hii tunaipima kwenye damu, baba. Yako ndiyo kwanza inaanza kurudi. Ulikuwa huna kitu. Na walinzi wameamka, wanaila figo."

Ndipo Kinyozi akasema yote, huku akitazama shuka. Kochi hakulitaja. Alisema sabuni, mafuta, rangi, na unywele unaolia. Yaliyokuwa na akili sana kule nyumbani, pale yalisikika kama maneno ya mlevi.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. "Wazo lako si la kijinga," alisema. "Wapo wataalamu wanaojaribu kupunguza dawa wakati wa chanjo, kidogo, kwa wachache, damu ikipimwa kila mara. Lakini wewe uliacha zote, peke yako, gizani. Nywele ukiziharibu zinaota. Figo haioti."

Cheche alitoka. Alikaa huko nje muda mrefu. Aliporudi alisimama mguuni pa kitanda, akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Pole, shemeji," alisema kwa upole. "Figo yako itapona, Mungu akipenda."

Yako. Kinyozi alilisikia neno hilo likimwingia kuliko sindano yoyote. Angetukanwa angeshukuru. Angeambiwa nirudishie, angecheka na kulia kwa pamoja. Lakini yako, kwa adabu, kama mtu anayekukabidhi mzigo uliokwisha kuuvunja! Aligeukia ukuta, akalia, na hakujificha.

Walimtundikia dawa kali za mshipani, wakamrudishia vidonge, wakasubiri. Miguu ikapungua, mkojo ukarudi, mkono ukaanza kutetemeka tena. Daktari akamwambia ukweli wake kabla hajatoka: figo imeokoka, lakini ina kovu ndani, na haitakuwa tena ile aliyopewa. Iwapo ataitunza, itamfikisha mbali. Na chanjo? Kinyozi aliogopa kuuliza, ila aliuliza.

"Kinga imetokea kidogo," alisema daktari. "Na usije ukadhani ni kuosha kwako. Huenda ungeipata hata ukiwa unameza. Hatutajua kamwe."

"Kidogo kinatosha?"

"Peke yake, hapana. Ukipata nguvu, rudi kazini, lakini kitambaa usoni, mlango wazi, na wanaokuzunguka wawe wamechanjwa. Mwili wao usikie kwa niaba ya wako."

Nyumbani, Kinyozi alilishusha lile kopo, akamwekea mke wake mezani, akamweleza yote. Safari hii na lile la kochi alilitaja, si kwa kumsingizia mtu, bali kwa sababu alikuwa amechoka kuficha. Mke hakupiga kelele. Alivihesabu vile vidonge kwa kidole, akaviacha, akasema, "Kuanzia leo unameza nikiwa nakuangalia kooni." Na ndivyo ilivyokuwa, kila asubuhi aliambiwa afungue mdomo kama ng'ombe mnadani.

Lakini Cheche hakuwa Cheche tena. Alipiga simu kila baada ya siku chache. "Unaendeleaje, shemeji? Hali ya figo yako? Tunashukuru." Akaleta matunda, akayaacha kizingitini, akaaga. Hakuna kochi, hakuna mwagilia, hakuna mali ya watu.

"Kwani mmegombana?" mke akauliza.

"Hatujagombana."

"Basi mbona anakuongelesha kama karani wa benki?"

Kinyozi alijua ameharibu zawadi ya mtu, na mwenye zawadi alikuwa muungwana mno kulisema hilo. Kutoa ni moyo, wanasema; hakuna aliyesema ukishatoa ukapokelewa vibaya ni nini. Alikuwa radhi kuvumilia kovu la ndani, lakini ule upole wa shemeji ulimchosha kuliko ugonjwa.

Siku ya kurudi dukani ilifika. Kipara alikuwa amekivuta kiti cha Kinyozi mpaka karibu na mlango, upepo unapopita, na juu ya kioo alikuwa ameandika kwa chaki: ASIYECHANJWA ANYOLEWE NA MKEWE. Kinyozi akavaa kitambaa, akajifunga aproni, akasimama kiubavu kama zamani. Mkono ulitetemeka kuliko wakati wowote, maana dozi ilikuwa imeongezwa. Aliiwasha mashine hewani kujaribu, akaizima. Akawaza: nani atanipa kichwa chake na mkono huu?

Mlangoni akasimama Cheche. Amejifunga kitambaa usoni, amekunja mkono wa shati mpaka begani, na begani pamba imebandikwa plasta. Uso wake ulikuwa na jasho.

"Amechanjwa ya pili muda si mrefu," Kipara akatangaza kutoka kiti chake. "Ya kwanza nilimpeleka mwenyewe, mwezi uliopita. Fundi wa mageti alinishika mkono kama bibi harusi. Muuguzi akauliza nani kati yetu ni mgonjwa."

Cheche aliingia, akakaa kwenye kiti cha Kinyozi, akakitazama kioo badala ya kumtazama mtu.

"Shemeji," alisema. "Dada aliniambia lile la kochi. Lakini nilikwisha kulihisi siku ile ile hospitalini."

Kinyozi akaduwaa, mashine mkononi. "Hilo lilikuwa utani tu."

"Lilikuwa utani. Na wewe ukaenda kujiua nao. Tangu siku hiyo kila nikifungua mdomo kukutania, ulimi unakufa. Nikaona bora ninyamaze, nisije nikakumaliza."

"Mimi nilidhani umenikasirikia. Kwamba nimeiharibu."

"Nikukasirikie wewe?" Cheche akageuka sasa, akamtazama. "Nilijikasirikia mwenyewe, mtu wewe!"

Kipara akajifanya anasafisha brashi. Kinyozi alimtandikia shemeji yake shuka, akalifunga shingoni. Akainua mashine. Ikatikisika hewani, na kwenye kioo wote wakaiona. Akaishusha.

"Mpe Kipara akunyoe," alisema kwa aibu. "Mkono wangu hautulii. Ni vile vidonge."

Cheche aliutazama ule mkono. Kisha akajiegemeza vizuri kitini, akafumba macho.

"Nyoa wewe. Na uendelee kutetemeka hivyo hivyo, umenisikia? Siku nitakayokuja hapa nikaukuta umetulia, nabeba figo yangu naondoka."

Kinyozi akaegemeza kiwiko ubavuni, akawasha mashine, akaanza nyuma ya sikio. Mstari ulipinda, na Cheche alitembea nao mtaani mpaka nywele zikaota.